Siri ya Mtungi Aijuaye ni Kata: Chakula kama Somo katika Siku za Utamaduni Vyuoni

1.0 Utangulizi

Siku ya Utamaduni ni mojawapo ya shughuli kuu za vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu. Siku hiyo ukumbi hupambwa kwa leso, mashairi hughanwa, ngonjera huigizwa na wageni wa heshima hutoa nasaha. Adhuhuri inapowadia, hadhira huelekezwa kwenye meza ndefu iliyo nyuma ya ukumbi. Hapo hupakuliwa pilau, wali wa nazi, mahamri kwa mbaazi, muthokoi, mukimo, samaki wa kupaka na maziwa ya mursik. Watu hula, husifu, hupigana picha, kisha hurejea ukumbini kusikiliza mada inayofuata. Kwa utaratibu huu, chakula huwa pumziko baina ya mada mbili. Chenyewe hakiwi mada.

Makala haya yanakusudia kuutilia shaka utaratibu huo. Hoja yetu ni kwamba chakula ni matini kama yalivyo matini mengine tunayoyachambua darasani. Kina msamiati wake, historia yake, fasihi yake na miiko yake. Iwapo hivyo ndivyo, basi mpishi ni mjuzi wa matini hayo, na mahali pake katika Siku ya Utamaduni ni jukwaani kama palivyo pa malenga. Tutaanza na kisa kimoja, tutapitia nyanja nne ambamo chakula hufunza, kisha tutapendekeza namna ambavyo vyama vyetu vinaweza kuziandaa siku hizi upya.

2.0 Kisa cha Kata

Katika siku moja ya namna hiyo, chuoni mwetu, palikuwa na mashindano ya methali. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliteuliwa kuifafanua methali isemayo: Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Alisimama, akaeleza kwa ufasaha kwamba mtu wa karibu ndiye ajuaye mambo ya ndani ya mwenzake. Akapigiwa makofi. Ndipo mmoja wa waamuzi alipouliza swali dogo: kata ni nini?

Ukumbi ulinyamaza. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kata ni kitambaa kinachoviringwa na kuwekwa kichwani ili kubebea mzigo. Hakukosea kabisa, kwa sababu neno hilo lina maana hiyo pia, nayo ngata ni jina lake jingine. Ila kitambaa cha kichwani hakiwezi kuijua siri ya mtungi. Mwingine alidhani kwamba neno hilo limetokana na kitenzi kukata. Waamuzi walitazamana.

Mama aliyekuwa ameletwa kutoka Mombasa kutupikia alikuwa amesimama mlangoni, akingoja kuuliza kama apakue au asubiri. Aliposikia mjadala, alicheka, akasema: "Wanangu, mwasema siri ya mtungi, na kata yenyewe hamuijui?" Akarudi kwenye vyombo vyake, akaja na kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu. Alituonyesha kwamba kata ina kina kwa kuwa kazi yake ni kuteka maji, na kwamba nduguye, upawa, aliyetengenezwa pia kwa kifuu, ni wa kina kifupi kwa kuwa kazi yake ni kupakulia mchuzi. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa katika maelezo ya mwanafunzi wetu wala katika vitabu vyetu vya marudio. Mtungi una mdomo mwembamba. Aliye nje haoni kilichomo. Kata huingia kila siku. Maji yanapopungua, kata ndiyo hujua kwanza. Tope linapotuama chini, kata ndiyo hulikwaruza. Kwa hiyo, alisema, ukaribu pekee hautoshi. Jirani anaweza kuishi karibu na mtungi miaka mingi asijue kitu. Siri huijua yule anayeingia.

Maelezo hayo yalichukua dakika tano. Kisha yule mama alirudi jikoni kuendelea na kazi. Jina lake halikuwa katika ratiba ya siku hiyo. Majina ya mgeni wa heshima, ya wahadhiri, ya washairi na ya waigizaji yote yalikuwamo. Mwandishi wa makala haya hana wa kumlaumu, kwa kuwa ratiba hiyo aliiandika yeye mwenyewe.

3.0 Chakula kama Hazina ya Msamiati

Ni jambo linalofahamika kwamba lugha huligawa jambo kwa undani pale ambapo wasemaji wake hulitenda kwa undani. Mfano ulio karibu ni mchele. Ukiwa shambani na baada ya kuvunwa ni mpunga. Ukishakobolewa ni mchele. Ukishapikwa ni wali. Punje zilizovunjika ni chenga, na zile zilizobaki na maganda yake ndani ya mchele ni chuya. Wali uliogandamana chini ya chungu ni ukoko, ambao baadhi ya watu wa pwani huuita matandu. Kila jina lina kazi yake: mwenye kupepeta anatafuta chuya, na mwenye kuepua chungu kwa wakati anahofia ukoko. Ndiyo maana methali Mchele mmoja mapishi mbalimbali humgusa zaidi mtu aliyewahi kuuchagua mchele, akaupika, akaona jinsi mikono miwili inavyotoa wali wa namna mbili.

Nazi nayo ina ngazi zake. Tunda likiwa changa kabisa ni kidaka, likikua kidogo ni kitale, likijaa maji matamu na nyama laini ni dafu, likianza kukomaa ni koroma, na likikomaa ni nazi. Ganda la nje lenye nyuzi ni kumbi, na lile gumu la ndani ni kifuu. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ambayo ni kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma, na machicha hukamuliwa ndani ya kifumbu kilichosukwa kwa ukindu. Tui zito linalotangulia kabla ya maji kuongezwa huitwa kasimile. Mwanafunzi anayejua "tui" pekee hawezi kueleza kwa nini mpishi hutenga kasimile hadi mwisho wa mapishi, wala kwa nini mchuzi ulioungwa kwa tui zito huharibika ukiachwa uchemke mno bila kukorogwa.

Vitenzi navyo vinastahili kuzingatiwa. Mtu huinjika au huteleka chungu motoni, hupalia makaa juu ya kifuniko, husonga ugali, hukanda unga, huunga mchuzi, huepua na hupakua. Mtumizi wa lugha aliye mbali na jiko huviweka vyote hivi chini ya kitenzi kimoja: kupika. Tukitazama kupakua peke yake, tunakiona kitenzi kinachotumika kwa chakula kinachotolewa chunguni, kwa shehena inayotolewa chomboni, na sasa kwa faili linalotolewa katika intaneti. Aliyependekeza matumizi haya ya tatu hakubuni neno jipya. Alilitoa jikoni na bandarini.

Kitenzi kula nacho kimezaa misemo ambayo hatuwezi kuimaliza hapa. Mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula mlungula, na aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Misemo hii huonyesha kwamba kwa Mswahili kula ni kukitia kitu ndani ya nafsi, kiwe cha kujenga au cha kubomoa. Aliyekula kiapo amekiingiza kiapo ndani yake, na kwa hiyo hawezi kukitema bila madhara.

Tumalizie sehemu hii kwa neno mwiko. Neno hili lina maana mbili ambazo kila mwanafunzi wa shule ya msingi huzikariri: kijiko kikubwa cha kupikia na katazo la kijamii. Hatudai kwamba maana moja imezaa nyingine. Hata hivyo, Siku ya Utamaduni inayoonyesha mwiko wa kwanza bila kuujadili wa pili imefanya nusu ya kazi. Tutalirejelea jambo hili.

4.0 Chakula katika Fasihi: Mkate wa Liyongo

Wengi wetu tumeusoma Utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mitihani yetu hupenda kuuliza kuhusu sifa za shujaa, usaliti wa mwana na nafasi ya mwanamke. Ni nadra kuulizwa kuhusu chakula, ilhali chakula ndicho kinachousukuma mtiririko wa matukio katika sehemu zake muhimu.

Chukua tukio la gerezani. Liyongo amefungwa kwa minyororo. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada, lakini walinzi hukichukua kizuri na kumwachia asichokitaka mtu. Liyongo anatunga wimbo wenye fumbo, na mama anaelewa: aandae mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanakula vile vitamu, wanautupa ule mkate kwa mfungwa kwa dharau, na kwa dharau hiyo wanampa ufunguo wa uhuru wake. Baadaye, ngoma ya gungu inapochezwa, kelele za ala zinafunika sauti ya tupa inayokata chuma.

Msomaji asiyejua wishwa ni nini hawezi kulielewa tukio hili barabara. Wishwa ni makapi yanayobaki baada ya nafaka kutwangwa na kupepetwa. Si chakula cha kumwandalia mtu unayemheshimu. Mpango wa mama umejengwa juu ya ujuzi huo wa jikoni: alijua kwamba walinzi wana ulafi na majivuno, na kwamba hakuna mlinzi atakayejishusha kula makapi. Akili iliyomwokoa shujaa ilikuwa ya mpishi.

Chukua pia tukio la kikoa. Kikoa ni utaratibu wa watu kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akitoa fungu lake. Waliotumwa kumuua Liyongo walipanga kula kikoa cha makoma, ambapo kila siku mmoja wao angepanda mkoma na kuwaangushia wenzake matunda. Walikusudia kumpiga mishale zamu yake itakapofika, akiwa juu ya mti. Liyongo aliitambua hila yao, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Uovu wa njama hii hauonekani kikamilifu hadi tujue uzito wa kikoa. Watu wanaokula shirika wameaminiana. Kumuua mtu katika kikoa ni kuivunja amana hiyo, na msomaji wa zamani alilitambua jambo hilo bila kuelezwa.

Inafaa kuona pia kwamba ndani ya utenzi huu chakula, wimbo na ngoma havitengani. Mkate ulileta tupa, wimbo ulileta maagizo, gungu lilileta kelele. Tunapoitenga meza ya chakula na jukwaa la sanaa katika shughuli zetu, tunakitenga kitu ambacho fasihi yetu wenyewe imekiunganisha.

5.0 Chakula kama Historia: Ni Kipi cha "Asili"?

Katika maonyesho yetu, kadi nyingi mbele ya vyakula huandikwa maneno matatu: "chakula cha asili". Maneno haya yanahitaji kuchunguzwa. Tutazame githeri, chakula ambacho kwa Wakenya wengi ni nembo ya nyumbani. Kimetengenezwa kwa mahindi na maharagwe. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na maharagwe haya ya kawaida vilevile. Yalivuka bahari baada ya safari za Wazungu zilizoanza mwaka 1492. Muhogo, nanasi, karanga na pilipili navyo vina asili hiyo hiyo.

Jina la mahindi lenyewe ni funzo. Linatuelekeza Uhindini, ilhali mmea haukuanzia huko. Jina hutunza kumbukumbu ya njia ambayo watu walidhani kitu kimepitia, wala si lazima litunze ukweli wa kilikoanzia. Mwanaisimu akisoma jina hilo bila historia atapotoka, na mwanahistoria akipuuza jina atapoteza ushahidi wa jinsi watu wa pwani walivyoiona dunia: vitu vigeni vilitoka ng'ambo ya bahari, na ng'ambo ya bahari ilikuwa Bara Hindi.

Maneno mengine yanatunza kumbukumbu zilizo sahihi zaidi. Nanasi, limau na mvinyo, pamoja na meza tunayolia, yametoka katika Kireno, lugha ya watu ambao Vasco da Gama aliwatangulia kufika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Sukari na kahawa tumezipata kwa njia ya Kiarabu. Pilau na biriani zina mizizi ya Kiajemi, na chapati na achari zimetufikia kutoka Bara Hindi. Nazi na ndizi, ambazo hatuwezi kuifikiria pwani bila hizo, asili yake ni Asia, nazo zilifika kwetu kale sana kupitia Bahari ya Hindi. Tukitafuta mazao yaliyozaliwa katika bara hili, tutaukuta mtama, wimbi na kunde. Ajabu ni kwamba vyakula hivi ndivyo visivyoonekana sana mezani. Ugali wa mtama na wa wimbi ulisukumwa kando na ugali wa mahindi hasa katika enzi ya ukoloni, na leo kijana wengi wao huujua wimbi kama uji wa wagonjwa na watoto.

Je, tuseme basi kwamba githeri si chakula chetu? La hasha. Kitu huwa cha watu kwa jinsi wanavyokitumia, wanavyokiita na wanavyokirithishana. Kiswahili chenyewe kimekopa maneno mengi na bado ni lugha ya Kibantu yenye sarufi yake. Mwanafunzi anayekubali kwamba "meza" ni neno la Kiswahili hana sababu ya kukataa kwamba githeri ni chakula cha Kenya. Ila kadi inayosema "asili" bila kueleza asili ipi inamfundisha mgeni uongo, na chama cha wasomi hakifai kufanya hivyo.

6.0 Majina, Miiko na Sauti ya Mwenye Chakula

Chama cha Kiswahili huwakusanya wanafunzi kutoka jamii nyingi, na vyakula vinavyoletwa huja na majina ya lugha nyingi. Hapa huzuka swali: je, tuyatafsiri majina hayo? Maoni yetu ni kwamba tusitafsiri panapokuwa na jina mahususi, bali tueleze. Mursik ni maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, ambacho husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kuyaita "maziwa lala" tu ni kuufuta mti, kibuyu na mkono uliosugua. Muthokoi wa Wakamba ni mahindi yaliyokobolewa, na kitenzi kukoboa kinatosha kumwonyesha mgeni kazi inayofanyika.

Kwa upande mwingine, yako majina ambayo Kiswahili kinayo na sisi tumeyasahau. Sokoni tunasikia managu, sagaa na terere. Mwanafunzi wa Kiswahili huandika "mboga za kienyeji" na kuishia hapo. Managu ni mnavu, sagaa ni mgagani, terere ni mchicha. Maneno haya yamo katika kamusi. Yanangoja watu wa kuyatumia.

Kuhusu miiko, mfano mmoja utatosha. Miongoni mwa Waluhya, firigisi ya kuku ilitengewa baba mwenye nyumba, na zamani wanawake walikatazwa kula nyama ya kuku waliyoipika wenyewe. Kuku anapoletwa mezani na kusifiwa kama fahari ya jamii, nani atalisema hilo? Ni desturi iliyolegea sana, na wako watakaoitetea kama ishara ya heshima, na wako watakaoipinga kama dhuluma. Mjadala kama huo ndio kazi ya sanaa na sayansi za jamii. Utamaduni unaoonyeshwa bila maswali hugeuka pambo.

Yafaa tukumbuke kwamba mwaka 2021 juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya jadi, zilizoanza mwaka 2007, ziliingizwa na UNESCO katika Rejista ya Mbinu Bora za Uhifadhi. Katika kazi hiyo, mimea ya kienyeji takriban 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake, na wanafunzi wa shule za msingi wakashirikishwa kukusanya maarifa ya jamii zao. Mwaka huo huo wa 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mambo haya mawili yalitokea mbali na sisi, lakini yanatuhusu kwa pamoja. Ikiwa mtoto wa shule ya msingi aliweza kwenda kwa nyanya yake na daftari kuuliza majina ya mboga, mwanafunzi wa chuo kikuu ana udhuru gani?

7.0 Mapendekezo

Kwanza, tuchague chakula kimoja. Meza yenye vyakula ishirini hushibisha tumbo na kuchanganya akili. Siku inayoihusu nazi pekee inaweza kuanza na kidaka na kuishia na kasimile, na kila aliyehudhuria akaondoka na maneno kumi aliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Pili, kila chakula kiwe na kadi yenye mambo sita: jina lake na lugha ya jina hilo, viungo vyake, anayekipika, wakati wa kuliwa kwake, mwiko wowote unaohusiana nacho, na neno moja gumu lililofafanuliwa. Kadi hiyo itawafaa pia wanaoulizia uhalali wa chakula kwa sababu ya dini, na wale ambao miili yao haipatani na viungo fulani. Siku yenyewe isiangukie mwezi wa Ramadhani, la sivyo wanaojua mengi kuhusu mapishi ya pwani watakuwa wamefunga huku wengine wakila mchana.

Tatu, mpishi apewe jukwaa. Atajwe kwa jina katika ratiba, apewe nusu saa, na alipwe kama mtoa mada, mbali na malipo ya mapishi. Aombwe idhini kabla ya kurekodiwa. Na iwapo atakataa kuitoa siri fulani ya mapishi yake, aheshimiwe, kwa kuwa ujuzi huo ndio riziki yake.

Nne, chakula kiambatanishwe na matini ya fasihi. Mkate wa wishwa uokwe kweli na uwekwe mezani siku tunapomjadili Liyongo, na atakaye auonje.

Tano, wanafunzi wawili au watatu wateuliwe kuandika daftari la istilahi. Kila neno liandikwe pamoja na mahali lilipopatikana na lahaja yake, kwa kuwa neno la Lamu, la Mvita na la Unguja huenda yakatofautiana. Daftari hilo likabidhiwe maktaba ya idara na dondoo zake zichapishwe humu. Vinginevyo kila kizazi cha chama kitaanza upya.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yanahitaji fedha. Chakula chenyewe hununuliwa kila mwaka. Nyongeza kubwa tunayoiomba ni muda na malipo ya mtu mmoja. Wako pia watakaosema kwamba tumekuja chuoni kusoma lugha, wala hatukuja kusoma upishi. Hao tunawarudisha ukumbini, pale swali la neno moja lenye herufi nne lilipowashinda watu waliosoma Kiswahili tangu utotoni.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba chakula kinachowekwa nyuma ya ukumbi katika Siku za Utamaduni kina msamiati unaotoweka, kina historia inayopotoshwa na kadi zetu wenyewe, kina fasihi tusiyoielewa vyema bila ya kukijua, na kina miiko inayostahili kujadiliwa. Tumependekeza hatua tano ambazo chama chochote kinaweza kuzianza.

Methali tuliyoanza nayo inatuhusu sisi wenyewe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekaa karibu na mtungi kwa miaka mingi. Tumeusifu, tumeupamba, tumeutungia mashairi. Yule mama aliyesimama mlangoni ndiye aliyekuwa akiingia ndani yake kila siku. Ratiba ya Siku ya Utamaduni ijayo itakapoandikwa, mwandishi wake na aanze kwa kwenda jikoni kuuliza jina la mpishi.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua tofauti baina ya maneno haya: mpunga, mchele, wali, chenga, chuya na ukoko. Je, lugha yako ya kwanza ina maneno mangapi kwa hatua hizi?

2. "Akili iliyomwokoa Liyongo ilikuwa ya mpishi." Jadili.

3. Chagua chakula kimoja kinachoitwa "cha asili" nyumbani kwenu. Chunguza viungo vyake vimetoka wapi, kisha eleza kama ungeendelea kukiita hivyo.

4. Taja mwiko mmoja wa chakula katika jamii yako. Ulimlinda nani, na ulimnyima nani?

5. Mwendee mtu mmoja mzima anayejua kupika chakula usichokijua. Kusanya maneno matano ambayo hukuwa ukiyafahamu, na uyalinganishe na maelezo ya kamusi.